Vidonda vya kinywa wakati wa mionzi: je, apumzike wiki moja apone?

SWALI

Shikamooni wataalamu. Baba yangu ana saratani ya ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, na anatibiwa kwa mionzi. Ameandikiwa dozi 35, grei 2 kila dozi (grei ni kipimo cha mionzi), Jumatatu hadi Ijumaa, na mara moja kwa wiki anatundikiwa dripu ya cisplatin, dawa ya saratani. Hadi leo amemaliza dozi 14.

Wiki ya kwanza hakusikia lolote, tukajipongeza. Ya pili akaanza kulalamika kwamba chakula hakina ladha na mashavu yanawaka. Sasa kinywa chote ni chekundu, na pembeni mwa ulimi na ndani ya mashavu kuna vidonda vyenye utando wa njano-njano, hata upande wa kulia usio na uvimbe. Nilijaribu kuusugua ule utando kwa kitambaa chenye chumvi, akatoka damu. Uji anaumeza kwa shida, na chakula kigumu hakigusi tena. Alianza akiwa na kilo 64, juzi mzani umesoma 60.5.

Nilimnunulia dawa ya kusukutua yenye minti kali, akasema ni moto mtupu. Duka la dawa walinipa ibuprofen, inamtuliza kidogo. Shangazi analeta asali na kusisitiza kwamba hakuna dawa nyingine. Ndugu wengine wanasema mashine imemuunguza, apumzike wiki moja au mbili kinywa kipone kisha aendelee. Baba mwenyewe sasa anataka kuacha kabisa. Na mama amewakataza wajukuu kumsogelea babu yao au kunywea kikombe chake, anaogopa mionzi.

Je, mashine imekosewa? Tumpumzishe? Na mimi nifanye nini nyumbani kwa siku zilizobaki?

Binti anayeuguza

JIBU

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Tuanze na mawili yasiyoweza kusubiri. Dozi msiziruke kwa uamuzi wa nyumbani. Na ibuprofen iacheni leo hii: cisplatin peke yake inaelemea figo, ibuprofen inazielemea pia, na mgonjwa asiyekunywa maji ya kutosha kwa sababu ya vidonda anakuwa na figo zilizo hatarini kwa sababu tatu kwa mpigo. Kesho mwambieni daktari alimeza vidonge vingapi na kwa siku ngapi, ili apimwe damu kuangalia figo kabla ya dripu inayofuata.

Sasa mashine. Kwa maelezo yako, hakuna dalili kwamba imekosewa. Ngozi laini ya ndani ya mashavu, ya chini ya ulimi na ya kaakaa laini imejengwa kwa seli zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Kazi ya kuzaliana hufanywa na seli za tabaka la chini kabisa. Zinazozaliwa hupanda taratibu hadi juu, ambako huchubuka na kumezwa pamoja na mate, na safari hiyo yote huchukua wiki moja hadi mbili hivi. Mionzi hukata DNA ya seli, yaani vinasaba vyake, na seli iliyokatwa vibaya mara nyingi hufa pale inapojaribu kugawanyika. Seli za juu hazigawanyiki tena, kwa hiyo mionzi haizisumbui sana. Huendelea kuchubuka kwa zamu yake kama kawaida. Tatizo ni kwamba huku chini hakuna zinazokuja kuzibadili. Ni kama shule iliyoacha kuandikisha darasa la kwanza: mwaka wa kwanza hakuna anayeona tofauti, lakini wakubwa wanaendelea kuhitimu na madarasa yanabaki matupu. Ndiyo maana wiki ya kwanza baba hakusikia kitu.

Kwa mpangilio wa grei 2 kwa siku, wekundu huanza kuonekana kati ya grei 10 na 20, vidonda vya hapa na pale hufuata karibu na grei 30, na kuanzia wiki ya nne au ya tano huweza kuungana vikawa eneo moja kubwa. Dozi 14 ni grei 28. Baba yuko palepale anapotarajiwa kuwa. Hili si jambo la mashine za kisasa tu, kwani Henri Coutard, aliyekuwa akitibu saratani za koo kwa mionzi mjini Paris miaka ya 1920, aliona kwamba utando wa kinywa na koo huchubuka mapema kuliko ngozi ya nje ya shingo, na kwa ratiba inayotabirika. Cisplatin nayo huongeza ukali, kwa sababu huzuia seli kuukarabati uharibifu huohuo.

Upande wa kulia umeathirika kwa sababu miali haiingii kutoka pembe moja. Inatoka pande kadhaa na kukutana kwenye uvimbe, ikipita kwenye nyama nzima njiani, na mara nyingi tezi za shingoni za pande zote mbili hupewa kiasi fulani cha mionzi ili kuzuia saratani isijifiche humo. Jambo jingine la kuuliza: je, baba ana meno yaliyozibwa kwa madini au kuvikwa kofia za chuma? Chuma hurudisha nyuma sehemu ya mionzi, na milimita chache za shavu au ulimi zinazokigusa hupata dozi kubwa kuliko ilivyopangwa. Ukiona kidonda kimoja kirefu, kikali kuliko vingine, kimelala sambamba na jino la namna hiyo, waambie wahudumu wa mionzi. Kinga ya plastiki yenye unene wa milimita 3 hadi 5 kati ya jino na shavu huweza kutosha. Lakini lazima iwekwe na wao, kwani kitu kipya mdomoni hubadilisha mkao wa taya ndani ya barakoa ya plastiki inayomshikilia asisogee wakati wa mionzi.

Kuhusu kupumzika, tunaelewa kwa nini ndugu wanaona ni huruma. Tatizo ni kwamba seli za saratani ya ulimi zinajua mchezo uleule wa seli za kinywa: zikiona wenzake wamekufa, zilizobaki huongeza kasi ya kuzaliana. Kwa saratani za aina hii kasi hiyo hupanda hasa baada ya wiki nne hivi tangu matibabu yaanze, yaani huko huko baba anakoelekea. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa mionzi ni kwamba kila siku ambayo matibabu yanarefuka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 hadi 1.4. Wiki nzima ni asilimia 7 hadi 10, na kinywa chenyewe kitakuwa kimepona nusu tu, kisha kitachubuka upya dozi zikirudi. Jumamosi na Jumapili ndiyo mapumziko yake, yamo tayari ndani ya mpango. Ikitokea siku imepotea kwa sababu isiyozuilika, mashine imeharibika au ana homa kali, waulizeni kama itafidiwa. Hospitali nyingi huweza kumpiga mionzi siku ya mapumziko, au mara mbili ndani ya siku moja zikiachana kwa saa 6 au zaidi ili seli nzuri zipate muda wa kujikarabati.

Kwa hiyo kazi yako, binti yetu, si kuvifuta vidonda. Hakuna dawa inayoweza kufanya hivyo dozi zikiendelea, na atakayekuuzia dawa ya namna hiyo anakudanganya. Kazi ni kumfikisha baba kwenye dozi ya 35 akiwa anakunywa, anakula cha kutosha, na maumivu yameshikwa.

Kila siku saa ileile, kabla hajapiga mswaki, mwangalie kinywa kwa tochi. Nawa mikono, tumia mpini wa kijiko cha plastiki kusogeza shavu taratibu, angalia mstari ambapo shavu linagusana na meno, mbavu za ulimi, chini ya ulimi, kisha mwambie aseme "aaa" uone kaakaa laini na koo. Andika kwenye daftari mambo matatu: amekula nini, maumivu ni ngapi kati ya 10, na vidonda viko wapi. Shirika la Afya Duniani lina kipimo chepesi cha daraja 0 hadi 4 ambacho madaktari wanakifahamu. Daraja la 1 ni wekundu na kuwaka bila vidonda. La 2, kuna vidonda lakini anakula chakula kigumu. La 3, anaweza vya majimaji tu. La 4, hawezi kula wala kunywa kwa mdomo. Baba yuko daraja la 3. Ukimwambia daktari hivyo, ameelewa mara moja, kuliko kumwambia "anaumwa sana".

Ule utando wa njano-njano usiusugue tena. Si uchafu. Ni kifuniko ambacho mwili wenyewe umekitandaza juu ya kidonda kibichi, mchanganyiko wa protini ya damu iliyoganda na seli zilizokufa, na ukiubandua unafungua jeraha upya na kuwakaribisha bakteria. Kuvu wa kinywani ni kitu kingine: hujitokeza kama mabaka meupe mfano wa maziwa yaliyoganda, mara nyingi juu ya ulimi na kwenye kaakaa, hutoka kwa urahisi ukiyagusa kwa pamba yenye maji, na huja na kuwaka ghafla pamoja na mipasuko kwenye pembe za midomo. Huwapata wagonjwa wengi wa mionzi kwa sababu mate yamepungua. Vyote viwili vinaweza kuwepo pamoja, kwa hiyo muuguzi aangalie. Ikiwa ni kuvu, kwa kawaida hupewa nystatin ya maji mara 4 kwa siku, akiizungusha mdomoni kwa muda mrefu kadiri awezavyo kabla ya kumeza, au fluconazole ya kumeza. Hii ya pili hugongana na dawa nyingine kadhaa, mojawapo warfarin ya kuyeyusha damu, hivyo nenda na orodha ya dawa zake zote. Na kuna sehemu zinazostahili kukutia shaka zaidi: ufizi na kaakaa gumu la mbele. Ngozi ya hapo ni ngumu na huvumilia mionzi kuliko shavu. Vijidonda vidogo vilivyosongamana hapo au kwenye midomo, hasa vikija na homa, vinaweza kuwa virusi vya herpes, na hivyo vina dawa yake.

Dawa ya minti itupe. Nyingi zina pombe, na pombe juu ya kidonda hukausha na kuunguza. Haidrojeni peroksaidi nayo iachwe, huchelewesha kupona. Limau na ndimu usisogeze karibu. Tengeneza maji haya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, na kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda. Hakikisha ni bikaboneti ya soda tupu. Beking pauda imeongezwa asidi, na magadi ni makali mno kwa kidonda. Wala usiongeze chumvi ukidhani itaua vijidudu zaidi: ikizidi ile iliyomo mwilini huvuta maji kutoka kwenye nyama iliyo wazi, na hapo ndipo mgonjwa anaruka. Achukue funda, alizungushe sekunde 15 hadi 30, ateme, arudie mara mbili au tatu. Afanye hivyo kila baada ya saa 2 akiwa macho, na usiku akiamka. Yanayobaki baada ya saa 24 mwaga, tengeneza mapya. Bikaboneti hupunguza asidi na kulainisha yale makamasi mazito yanayonata kooni, ambayo pengine yanamkera baba kuliko vidonda vyenyewe ingawa hukuyataja. Kero hiyo huwatapisha wengi asubuhi, kwa hiyo asukutue kabla ya kunywa chochote.

Mswaki asiuache. Meno machafu hulisha bakteria wanaozamisha vidonda. Tumia mswaki laini kabisa, uuloweke kwenye maji ya moto dakika chache ulegee zaidi, asubuhi na usiku, ikiwezekana na baada ya kula. Kama dawa ya meno inawasha, tafuta isiyo na minti wala povu jingi lakini yenye floridi. Siku ambayo mswaki hauvumiliki hata kidogo, funga shashi kwenye kidole, ichovye kwenye maji yale ya chumvi na ufute meno bila kugusa vidonda, kisha siku inayofuata jaribu tena. Kama ana meno ya bandia, yakae nje muda wote isipokuwa wakati wa kula, na hata hapo kama hayambani.

Mwulize daktari kuhusu benzydamine ya kusukutua, asilimia 0.15, mililita 15 kila baada ya saa 2 au 3. Hii hupunguza uvimbe na maumivu, na inafaa zaidi ikianzwa mapema. Ikiwasha, huchanganywa na maji nusu kwa nusu. Baadhi ya hospitali zina leza ya nguvu ndogo inayomulikwa ndani ya kinywa kila siku ya mionzi, na ushahidi wake ni mzuri. Ulizia tu kama ipo. Sucralfate, dawa ya vidonda vya tumbo, iliwahi kuandikwa sana kwa vidonda hivi, lakini mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa tatizo hili unashauri isitumike. Klorheksidini, dawa ya kusukutua ya kuua vijidudu, haizuii vidonda vya mionzi. Ikiwa daktari wa meno ameiandika kwa ajili ya fizi, isitumike kwa wakati mmoja na nystatin, maana huharibiana kazi.

Maumivu ndiyo yanayomfanya atake kuacha, na hapa tunadhani amehudumiwa pungufu. Panadol pekee haitoshi daraja la 3, ingawa inasaidia kama msingi: kwa mtu mzima mwenye uzito wake ni gramu 1, si zaidi ya mara 4 ndani ya saa 24, ikiwezekana ya kuyeyusha kwenye maji. Lakini mpime joto kabla ya kila dozi ya Panadol, kwa kuwa inaficha homa. Dawa ya ganzi ya kusukutua, lidocaine ya asilimia 2, hutuliza kwa muda mfupi. Akiitumia, koo linakufa ganzi pia, chakula kinaweza kupitia njia ya hewa au akajing'ata bila kujua, hivyo asubiri saa moja kabla ya kula kitu cha kutafuna. Dawa inayobeba mzigo wenyewe ni mofini ya maji. Msiiogope. Kwa kidonda cha aina hii ni dawa ya kawaida, dozi hupangwa na daktari kuanzia ndogo na kupanda kadiri inavyohitajika, na kinywa kikishapona hupunguzwa kidogo kidogo hadi kuacha. Mambo mawili yanaiharibia sifa bure. La kwanza ni kuitoa maumivu yakishapanda, wakati inatakiwa kutolewa kwa saa, kila saa 4, na moja ya dozi hizo ipangwe nusu saa hadi dakika 45 kabla ya mlo mkubwa. La pili ni choo kufunga: dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya mofini, wala msisubiri siku ya tatu.

Uzito sasa. Kutoka 64 hadi 60.5 ni kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya wiki tatu, na hilo linatutisha kuliko vidonda. Mwili usio na protini haujengi ngozi mpya. Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi: uso na shingo vikikonda, ile barakoa ya plastiki inayomshikilia kwenye meza ya mionzi inalegea, anaweza kusogea, na miali ikaangukia pasipokusudiwa. Baba akisema barakoa haimbani tena kama mwanzo, mwambieni fundi wa mionzi kabla hajalala mezani. Huenda ikabidi itengenezwe nyingine na mpango upimwe upya.

Kwa kilo 64 anahitaji angalau kalori 1,900 hivi kwa siku na protini gramu 77 au zaidi. Uji wa unga na maji haumfikishi hata nusu. Mfanye kila funda liwe na kazi: chukua nusu lita ya maziwa yenye mafuta, koroga humo vijiko vikubwa 4 vya maziwa ya unga, na hayo ndiyo yawe maji ya kupikia uji. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia au siagi kinaongeza kalori karibu 100 hadi 120 bila kuongeza ujazo. Yai lililoiva vizuri, likasagwa ndani ya supu na kuchujwa, lina protini gramu 6. Nyama, samaki na kunde vinaweza kusagwa kwa mashine hadi vilainike kabisa, mradi vichujwe, kwa sababu chembe moja ngumu ndiyo inayomfanya asukume bakuli. Kila kitu kiwe cha uvuguvugu au baridi. Vikombe vidogo mara 7 au 8 kwa siku ni bora kuliko bakuli tatu. Mpime Jumatatu na Alhamisi kwa mzani uleule.

Hata hivyo, ikiwa hafikii nusu ya mahitaji yake kwa zaidi ya wiki moja, au uzito unaendelea kushuka, zungumzeni na daktari kuhusu mpira wa kulishia, wa kupitia puani au wa tumboni. Wengi huuona kama dalili ya kushindwa. Sisi tunauona kama njia ya kufika dozi ya 35, na afadhali uwekwe akiwa na kilo 60 kuliko 54. Hata akiwekewa, aendelee kumeza mafunda madogo ya maji kila siku akivumilia. Misuli ya koo isipofanya kazi kwa wiki nyingi husahau, na kuirudisha ni kazi ngumu. Taya pia: afungue mdomo hadi pale unapovuta, ashikilie sekunde 30, mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima vinapaswa kuingia kati ya meno ya juu na ya chini. Vikianza kuingia viwili, taya linakaza.

Shangazi hajakosea kabisa. Asali imejaribiwa kwa wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo, na mwongozo tuliotaja unaikubali kama njia ya kupunguza vidonda. Utaratibu unaojulikana zaidi ni mililita 20 taratibu dakika 15 kabla ya mionzi, tena dakika 15 baada ya mionzi, na tena saa 6 baadaye, akiizungusha kinywani kisha kumeza. Lakini haichukui nafasi ya mofini, haimfai mwenye kisukari bila ushauri wa daktari, na ni sukari juu ya meno yasiyo na mate ya kuyaosha. Akimaliza, baada ya dakika chache asukutue. Ikimwasha, aiache, asilazimishwe kwa heshima ya mtu.

Wajukuu waruhusiwe. Mionzi inayotoka kwenye mashine ya nje haibaki mwilini, na ikizimwa imekwisha. Babu anaweza kubeba mtoto njiani kutoka hospitali bila kumdhuru. Kikombe chake kiwe cha peke yake, lakini kwa sababu tofauti: cisplatin inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, na ni yeye anayepaswa kulindwa na mafua ya watoto. Anayeugua asimkaribie kwa siku hizo.

Nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, akishindwa kunywa kabisa kwa siku nzima au mkojo ukawa kidogo na mweusi, damu ikitoka mdomoni isikome, akianza kukohoa kila anapomeza, au pumzi ikitoa mlio. Huo wa mwisho ni wa dharura hasa, kwa kuwa koo lililovimba linaweza kufunga njia ya hewa.

Jiandaeni kwa jambo moja linalowashtua wengi. Dozi ya 35 ikimalizika, kinywa hakitaanza kupona kesho yake. Kwa wiki moja au mbili kinaweza hata kuzidi, kwa sababu seli za chini bado hazijarudi kwa wingi, kisha visiwa vya rangi ya waridi vitaonekana katikati ya utando na kingo zitasogea ndani. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 8 tangu dozi ya mwisho. Mofini na maji ya chumvi viendelee muda huo wote, na miadi ya hospitali isikatwe. Ladha hurudi polepole zaidi, miezi kadhaa, chumvi na sukari zikija kwa zamu zao. Mate yanaweza yasirudi yote, kutegemea tezi zake za mashavuni zilipata grei ngapi. Kidonda kimoja kitakachobaki baada ya wiki 8, au kinachoonyesha mfupa, kipimwe. Kinaweza kuwa jeraha la mionzi au saratani iliyorudi, na kwa macho hayatofautishwi.

Na meno: baada ya matibabu aendelee na dawa ya meno yenye floridi nyingi, ile ya kuandikiwa, kila siku. Mfupa wa taya la chini uliopokea zaidi ya grei 60 hupoteza mishipa midogo ya damu, na jino liking'olewa hapo shimo linaweza lisifunge na mfupa ukafa. Hatari hiyo haina mwisho wa miaka. Ombeni hospitali iwaandikie kwenye karatasi eneo lililopigwa mionzi na jumla ya dozi, na karatasi hiyo iwe mkononi kila baba anapoingia kwa daktari wa meno, kabla koleo halijashikwa.